Wiki sita Miramare, kwenye kituo alichokijenga Abdus Salam

Begi langu halikufika. Nilitua uwanja wa ndege wa Ronchi dei Legionari, nje ya mji wa Trieste, mwishoni mwa Januari, nikiwa na sweta moja jembamba, mkoba wa kompyuta na viatu vya wazi. Shirika la ndege lililonibeba lilisema nivumilie siku tatu. Nilivumilia tisa. Na usiku ule ulikuwa unavuma upepo ambao Waitalia wa kule wanauita "bora". Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimekua na pepo: kaskazi naijua, kusi naijua. Hii ni nyingine kabisa. Hushuka kutoka kwenye nyanda za mawe nyuma ya mji ikielekea baharini, na ikichachamaa hupita kilomita 100 kwa saa. Zamani mjini walikuwa wakifunga kamba mitaani ili watu wapate pa kushika wasiangushwe.

Nikiwa pale mapokezi ya nyumba ya wageni, meno yanagongana, ametokea baba mmoja mtu mzima, mwalimu wa fizikia kutoka Lubumbashi. Alinisikia nikiongea na simu nyumbani. Akaenda chumbani kwake, akarudi na koti zito la sufu rangi ya kahawia, mikono imechakaa kidogo kwenye viwiko.

"Mama, baridi ya huku haina mchezo," akasema. "Vala hii. Mimi niko na ingine."

Nililivaa koti lile siku tisa mfululizo. Nitalirudia baadaye, maana lina habari yake.

Ninayoandika hapa ni tathmini ya huduma, kama mtu anavyoweza kutathmini hoteli au hospitali, ila huduma yenyewe ni ya aina yake: Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia cha Abdus Salam, ambacho wengi tunakiita ICTP. Nimekwenda mara mbili kama mshiriki, chini ya mpango wa kituo unaowapa wanasayansi wa nchi zinazoendelea nafasi ya kwenda kukaa wiki kadhaa, kurudi makwao, kisha kwenda tena, ziara tatu ndani ya miaka michache. Wanalipa tiketi, wanalipa malazi, wanakupa posho ya kujikimu. Ninafundisha chuo kikuu kimoja Tanzania. Kazi yangu ni nadharia ya nutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji zinazopenya karibu kila kitu, na katika idara yetu hakuna mwingine anayeifanya. Nasema hivyo mwanzoni kwa sababu ukiwa na wenzako watano wa kujadiliana nao kazini, huenda kituo hiki kikaonekana kwako ni mahali pazuri pa kawaida tu. Kwangu si pa kawaida.

Na huwezi kukipima vizuri bila kumjua aliyekianzisha, kwa sababu kila kitu pale kimetoka kwenye jambo lililompata yeye.

Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, alizaliwa tarehe 29 Januari 1926 na kukulia Jhang, mji mdogo wa Punjab, wakati huo ikiwa India ya Waingereza. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu. Akiwa na miaka 14 alipata alama za juu kuliko zote zilizowahi kupatikana katika mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab, na mji ukatoka barabarani kumpokea akirudi na baiskeli yake. Mwaka 1946 alipata ufadhili wa kwenda Cambridge, na ufadhili ule wenyewe ni kisa: zilikuwa fedha zilizochangwa kwa ajili ya vita, vita vikaisha zingali zipo, waziri kiongozi wa Punjab akaamua zisomeshe watoto wa wakulima wadogo. Wenzake waliopewa pamoja naye waliambiwa wasubiri mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata nchi ikagawanywa na ufadhili ukafa. Aliyeondoka ni yeye tu.

Alishuka melini Liverpool na baridi yake. Pale bandarini alikuwepo Zafrulla Khan, jaji mkubwa wa India wakati huo, aliyekuja kumpokea mpwa wake. Alipomwona kijana wa watu anatetemeka, akavua koti lake zito akampa.

Habari hii niliisoma kwenye maktaba ya kituo, wiki yangu ya pili, nimekaa na koti la mtu wa Lubumbashi mabegani. Niliifunga ile kurasa nikatoka nje kidogo.

Cambridge alifaulu daraja la kwanza katika hisabati na katika fizikia, kisha kwa shahada ya uzamivu akashughulikia jambo lililokuwa limewakwamisha wakubwa: jinsi ya kuondoa majibu yasiyo na mwisho yanayojitokeza ukikokotoa mwingiliano wa chembe. Akapata jina dunia nzima akiwa na miaka 25. Halafu, mwaka 1951, akarudi nyumbani kufundisha Lahore.

Hapa ndipo penye kiini cha tathmini yangu. Lahore hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye fizikia. Majarida yalikuwa hayafiki. Mkuu wa chuo alimwambia asahau utafiti, achague moja kati ya kazi tatu za ziada: usimamizi wa bweni, uhazini, au uenyekiti wa klabu ya kandanda. Akachukua kandanda. Wakati ule Wolfgang Pauli, mmoja wa magwiji wa fizikia ya karne ile, alikuwa Bombay, akamwita. Salam akaenda bila kusubiri ruhusa, kwa kiu ya kukaa na mtu anayeelewa anachokisema, na aliporudi akakuta mashtaka ya utoro kazini. Mwaka 1953 Lahore ikawaka kwa ghasia dhidi ya watu wa jumuiya yake ya kidini, Ahmadiyya. Mwaka 1954 akaondoka, akarudi Cambridge, na mwaka 1957 akawa profesa Imperial College, London.

Wenzangu mnaofundisha vyuoni mtanielewa. Mimi nilipewa bweni la wasichana. Wanafunzi wangu nawapenda na bweni nimelisimamia kwa moyo wote, lakini kuna swali la hesabu nililolibeba miezi minane bila kupata hata mtu mmoja wa kuliangalia kwa macho mengine. Unamwandikia barua pepe mtu aliye mbali, anajibu baada ya wiki tatu kwa mistari miwili. Unaanza kujiuliza kama ni swali la maana au ni wewe umepotea.

Salam hakusahau. Alisema waziwazi kwamba alilazimika kuchagua kati ya nchi yake na fizikia, na kwamba asingependa mwingine yeyote awekwe kwenye uchaguzi ule. Septemba 1960 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki kule Vienna akiwa mjumbe wa Pakistan, akapendekeza kianzishwe kituo cha nadharia kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Mjumbe wa nchi moja tajiri akamjibu kwamba fizikia ya nadharia ni gari la kifahari, na nchi zile zinachohitaji ni mkokoteni wa ng'ombe. Ilichukua miaka minne ya kubishana. Italia ikatoa mji wa Trieste, profesa Paolo Budinich wa pale akalipigania jambo lile upande wa Waitalia, na Oktoba 1964 kituo kikafunguliwa katikati ya mji, Piazza Oberdan. Mwaka 1968 kikahamia Miramare, kando ya bahari. Salam alikiongoza tangu kuanza hadi 1993.

Sasa huduma zenyewe.

Nililala nyumba ya wageni ya Adriatico, iliyopo Grignano, chini kabisa, bandari ndogo ya mashua iko hatua chache. Chumba ni kidogo, kisafi, kitanda cha mtu mmoja, meza ya kuandikia iliyo meza kweli na si ubao wa kuwekea simu. Dirisha langu lilitazama baharini. Asubuhi ya kwanza upepo ulipotulia niliona nje kidogo ya pwani safu na safu za maboya yamepangwa kwenye maji. Nilidhani ni mwani, kama mashamba ya kina mama wa kwetu na vigingi vyao maji yakitoka. Nikauliza, ni kome, wanawafuga kwa kuwaning'iniza kwenye kamba. Nilikaa dirishani kwa muda mrefu. Sikutegemea kuiona Tanga pale.

Kutoka nyumba ya wageni hadi jengo kuu, jengo la Leonardo, unapanda kilima kwa miguu kupitia bustani ya Miramare, ngazi na vichochoro chini ya miti mikubwa. Upande mmoja kuna kasri jeupe alilojengewa mwanamfalme Maximilian wa Austria karne ya 19. Ukiwa na magoti mabovu, panda basi. Mimi nilipanda kilima kila siku, na nakuapia mawazo mazuri mawili niliyopata mwezi ule niliyapata kwenye zile ngazi.

Maktaba inaitwa kwa jina la Marie Curie. Nimeingia maktaba nyingi; kwa fizikia ya nadharia sijaona nyingine ninayoipenda hivi. Vitabu vimo rafuni, unavishika. Nawaambia hasa vijana wanaodhani kila kitu kipo mtandaoni: nilikwenda kutafuta makala moja ya mwaka 1978 kuhusu nutrino kupita ndani ya maada, nikatoka na tatu, kwa sababu kitabu cha jirani yake kilikuwa na jibu la swali ambalo sikuwa nimejua kuliuliza. Kwetu nilikuwa nimeiomba makala hiyo hiyo kwa watu wanne.

Ila nikiambiwa nichague kitu kimoja tu, nitauchagua ubao.

Ulikuwa ubao wa kawaida, wa chaki, kwenye ukumbi mdogo karibu na mashine ya kahawa. Wiki ya tatu nilikuwa nimeandika pale milinganyo yangu, si kwa ajili ya mtu, nilitaka kuiona kwa ukubwa. Profesa mmoja mstaafu kutoka India akapita na kikombe chake. Akasimama. Akauliza, "Hii ni ya nutrino au antinutrino?" Nikamwambia antinutrino, yaani pacha wa kinyume wa nutrino. Akaniuliza nimebadili nini nilipotoka kwenye moja kwenda kwenye nyingine. Nikaeleza: nutrino inapopita ndani ya ardhi, elektroni zilizomo humo huchangia neno moja kwenye mlinganyo, na kwa antinutrino neno hilo hugeuka alama, jumlisha huwa toa. Nimeligeuza, lile pale. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaweka kidole kwenye pembe ya awamu, ile herufi delta iliyoko ndani ya matriki ya mchanganyiko, jedwali linaloeleza jinsi aina za nutrino zinavyochanganyika, hakusema neno.

Niliitazama kama dakika nzima. Nayo hugeuka alama. Najua hugeuka, nawafundisha wanafunzi kwamba hugeuka. Katika karatasi nilikuwa nimeigeuza, lakini kwenye sehemu moja ya programu yangu ya kompyuta, niliyoiandika usiku wa zamu ya bweni, sikuigeuza. Ndiyo maana grafu zangu zilikuwa zikikataa kukutana mahali zinapopaswa kukutana. Miezi minane. Yeye alitumia muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Akanipa chaki, akaniambia niimalizie mwenyewe, akaendelea na safari yake.

Watu wakiniuliza ICTP wanakupa nini, nawasimulia hiyo. Hakunipa fedha wala cheti. Ni mtu aliyepita akasimama.

Na nutrino ndiyo iliyomuumiza Salam mwenyewe. Septemba 1956 alikuwa Seattle, akamsikia mwanafizikia Yang akieleza kwamba huenda maumbile yanatofautisha kushoto na kulia katika nguvu hafifu, ile inayofanya baadhi ya viini vya atomu vioze. Akarudi London kwa ndege ya jeshi la Marekani iliyojaa watoto wa askari wanaolia usiku kucha. Hakulala. Akakumbuka swali aliloulizwa na mwanafizikia Peierls kwenye mtihani wake wa uzamivu: kwa nini nutrino haina uzito? Humo ndegeni akaliona jibu: kama kweli maumbile hayajali usawa wa kushoto na kulia, basi nutrino isiyo na uzito inaeleweka vizuri sana. Akatua, akampelekea Peierls, Peierls hakuamini. Akampelekea Pauli, Pauli akamrudishia salamu na ujumbe kwamba afikirie kitu bora zaidi. Salam akasitasita. Januari 1957 jaribio la mwanafizikia Bi. Wu likaonyesha kwamba kushoto na kulia kweli si sawa, na wengine, Lee na Yang na Landau, wakawa wameandika wazo kama lake. Pauli aliomba radhi baadaye.

Miaka 42 baada ya usiku ule wa ndegeni, mwaka 1998, watafiti wa Super-Kamiokande, kituo cha kuchunguza nutrino kule Japani, walionyesha kwamba nutrino hubadilika aina zikiwa njiani, maana yake zina uzito, ingawa mdogo mno. Ndiyo kazi ninayoifanya mimi. Kwa hiyo jibu la Salam halikuwa la mwisho, lakini njia aliyoifungua ndiyo hiyo tunayoipita. Funzo alilolichukua yeye, na ambalo alilirudia kwa vijana wake, lilikuwa usimwachie mkubwa akuzimie wazo. Pale kituoni utaliona: mwanafunzi wa miaka 23 anamkatiza mhadhiri mwenye medali katikati ya muhadhara, na mhadhiri anageuka ubaoni kuangalia upya. Mara ya kwanza nilishtuka, kwa malezi yetu. Mara ya tano nikanyoosha mkono na mimi.

Kazi iliyompa Nobel ya mwaka 1979, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, ni kuunganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu hafifu ya kiini. Wanafunzi wangu huwa nawaeleza kwa doti ya khanga. Chukua kipande kimoja kilichovaliwa miaka mitano jikoni na kisimani, kimechujuka, na kipande kingine kilichokaa kabatini kikiwa kipya. Mtu asiyejua atasema ni khanga mbili. Wewe uliyenunua unajua ni doti moja: pindo moja, mji mmoja, jina moja. Sumakuumeme inafika mbali, mwanga wa nyota unatufikia; nguvu hafifu haivuki hata upana wa protoni, inafifia karibu ndani ya sehemu yake ya elfu. Zinaonekana hazina undugu. Salam na wenzake walisema ni doti moja, na kilichozitofautisha ni uzito wa chembe zinazozibeba: fotoni, chembe ya mwanga, haina uzito, lakini nguvu hafifu lazima ibebwe na chembe nzito sana, W na Z. Nadharia ilidai pia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: kwamba nutrino inaweza kugonga kitu na kuondoka ikiwa bado nutrino. Mwaka 1973 kifaa cha Gargamelle kikaliona, kule CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe. Salam alikuwa Ufaransa, anakokota sanduku kwenda hosteli ya wanafunzi alikofikia, gari likasimama kando yake, mmoja wa watafiti wale akamwambia apande, kuna habari. Mwaka 1983 W na Z zenyewe zikapatikana, hapo hapo CERN: moja karibu mara 86 ya uzito wa protoni, nyingine karibu mara 97.

Stockholm, kupokea Nobel, alikwenda na kilemba cheupe, achkan, yaani koti refu la kwao, na viatu vya kwao vilivyopinda ncha. Picha yake ninayo ofisini.

Chakula. Kituoni unapata chakula cha mchana cha Kiitalia cha kutosha, na mimi nisiyekula nguruwe sikupata tabu kuuliza wala kujibiwa. Jioni jifunze kupika. Mjini kuna mkahawa mmoja, sitautaja, niliokaa saa nzima bila kuhudumiwa huku waliokuja baada yangu wakila; nikainuka nikaondoka, na usiku ule mwenzangu wa Lubumbashi akapika bukari kwa unga wa mahindi alioutafuta mwenyewe, na samaki. Tulikula sita, nchi sita. Kahawa ya Trieste ni habari nyingine, ni nzuri mno, ila ujue lugha yao: ukitaka kahawa nyeusi ndogo omba "nero", ukitaka yenye maziwa kidogo omba "capo". Kunywa umesimama kaunta, utalipa kidogo.

Viza anza kuifuatilia miezi mitatu kabla. Ofisi moja niliyoipitia ilinirudisha mara tatu kwa karatasi ile ile, na nilikosa wiki nzima ya mihadhara. Barua ya mwaliko ya kituo ichapishe nakala nyingi.

Kuna jambo la Mwalimu Nyerere ambalo sikulijua kabla ya kwenda. Ile Tume ya Kusini, ya nchi zinazoendelea, aliyoiongoza kuanzia 1987 hadi 1990, Abdus Salam alikuwa mjumbe wake. Ukiyasoma maneno ya Salam ya miaka ile kuhusu nchi zetu, kwamba kununua teknolojia bila kujenga sayansi nyumbani ni kubaki mteja daima, utadhani unasoma hotuba ya Mwalimu. Mwaka 1983 Salam alikuwa ameshaanzisha hapo hapo Trieste akademia, yaani jumuiya ya wanasayansi waliobobea, ya nchi zinazoendelea. Fedha yake ya Nobel aliitumia kusomesha vijana.

Nchi yake haikumlipa sawasawa. Mwaka 1974 bunge la Pakistan lilibadili katiba na kutangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu, naye akaachia nafasi yake ya mshauri wa sayansi wa serikali. Uraia wake wa Pakistan hakuuacha mpaka kufa. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, baada ya miaka ya ugonjwa wa neva uliomweka kwenye kiti cha magurudumu, akazikwa Rabwah. Jiwe la kaburi liliandikwa kwamba ndiye Mwislamu wa kwanza kupata Nobel kwa kazi yake, kisha neno Mwislamu likafutwa. Mimi ni Mwislamu wa Sunni, na najua mjadala wa itikadi hapo una uzito wake, siufungui. Lakini kumfuata marehemu kaburini na kumkwangulia jiwe kuliniuma, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Mwaka uliofuata kituo kikapewa jina lake.

Kasoro kubwa ya huduma hii kwa mtu kama mimi haiko Trieste. Iko siku ya kurudi. Wiki sita zinaisha, unashuka Dar es Salaam, unapanda basi, Jumatatu unakuta bweni lina bomba lililopasuka na wanafunzi 140 wa mwaka wa kwanza. Ziara ya kwanza nilirudi nikanyamaza kabisa, barua nikawa sizijibu, mwaka ukapita bila ukurasa mmoja. Ziara ya pili nilijifunza kuweka miadi: kila Alhamisi saa kumi jioni naongea kwa video na wawili niliokutana nao kule, intaneti ikiwepo au ikisuasua. Hilo limenisaidia kuliko nilivyotarajia. Ninashauri mtu yeyote asiondoke pale bila kuwa na miadi ya namna hiyo, na watu wawili angalau, mmoja akikwama mwingine awepo.

Kwa wanaoona Ulaya ni mbali, tangu 2018 kuna taasisi dada ya kituo hiki Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ya Afrika Mashariki yote, inayofundisha shahada ya uzamili na uzamivu. Nimepeleka huko mwanafunzi mmoja. Alinipigia mwezi wa kwanza kuniambia kwamba wako wanane darasani na wote wanabishana.

Nikitakiwa kutoa nyota, natoa tano, na natoa kwa ajili ya ule ubao. Mambo ya kubeba ni machache: koti, viatu vya kufunga, na swali lako limeandikwa kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa, kabla hujafika. Koti la mwenzangu nililifua nikamrudishia siku begi lilipofika. Akalikataa. Akasema liache mapokezi, mwezi wa pili kuna watu wanakuja kutoka Madagascar.

Nimebakiza ziara moja. Nimeomba mwezi wa sita. Na binti mmoja niliyemsimamia, mtoto wa Pangani, ameomba ile Diploma yao ya mwaka mmoja; fomu yake tuliituma Jumanne usiku kutoka ofisini kwangu, umeme ukakatika katikati, tukaanza upya, saa sita na dakika kumi ikaenda.